Trela la kwanza: lala humo kabla hujaenda dukani

Mama alipokuja Minnesota, Marekani, kutoka Moshi kututembelea, tulimwonyesha kwa mbwembwe trela letu, kile kinyumba cha kulala safarini kinachokokotwa na gari. Akalizunguka mara mbili, akafungua mlango, akachungulia. "Mwanangu, nyumba nzuri yote ile mnamwachia nani, mje kulala humu?"

Sikuwa na jibu. Ni trela la futi 17, lilishatumiwa na watu kabla yetu. Lina kitanda kimoja, meza inayogeuka kitanda cha watoto, jiko la gesi la pleti mbili, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango.

Wenzangu wanaotaka kununua la kwanza huniuliza wanunue vifaa gani. Nawaambia wasinunue kitu. Liegeshe nje ya nyumba yako, mlale humo siku mbili familia nzima, mpike, muoge, mtumie choo chake. Yatakayowakera ndiyo yatakayowaonyesha cha kununua. Sisi tulianzia dukani: mashine ya kahawa, sahani za udongo, seti ya sufuria, zulia, viti sita vya kukunja (tuko wanne). Nusu ya vitu hivyo vilikwenda hifadhi ya Badlands, jimbo la South Dakota, na kurudi bila kutoka kwenye maboksi.

Na mzigo si mchezo. Trela huwa na kibandiko kinachotaja uzito wa vitu unavyoruhusiwa kupakia. Kisome, utashangaa ulivyo mdogo. Maji nayo yamo kwenye hesabu: lita 100 ni kilo 100. Halafu kuna mpangilio. Pale mbele trela linapokaa kwenye gari panatakiwa pabebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Sisi tulilundika vizito nyuma kabisa, na kwenye barabara kuu ya Interstate 90 lori lilipotupita trela likaanza kutikisa mkia kama samaki. Mume wangu aliachia mafuta taratibu bila kukata usukani. Kituo cha mafuta kilichofuata tulishusha kila kitu tukapanga upya, vizito vikakaa juu ya magurudumu na mbele yake kidogo. Hakuna aliyeongea kwa nusu saa.

Lakini kilichotusumbua zaidi ni maji. Watu huogopa maji safi yatakwisha, kumbe mara nyingi linaloanza kuleta shida ni tangi la maji machafu ya sinki na bafu. Likijaa, maji yanarudi juu miguuni mwa anayeoga. Wanangu wamezaliwa huku, wao kuoga ni kusimama chini ya bomba na kuimba. Bibi yao ndiye aliyetuokoa. Aliomba ndoo na kopo, akaoga kwa lita tano, akatoka ananukia. Tangu siku hiyo ndoo haikosi safarini, na vyombo tunaoshea kwenye beseni. Kwa hili, mtu aliyekulia nyumba ya ndoo ameshawatangulia Wamarekani wote pale kambini, tunakoegesha matrela.

Ukiunga maji ya kambi, tumia mpira uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, usichukue ule wa bustani. Funga na kipunguza presha pale bombani, maana kambi nyingine maji hutoka kwa nguvu ya kupasua mabomba ya trela. Choo nacho kina sharti moja tu la kukumbuka: usiache valvu ya tangi lake wazi hata kama umeunganisha bomba la kutolea uchafu. Maji yatakwenda zake, vigumu vitabaki vikikauka. Subiri tangi lijae vya kutosha, lifungulie, kisha fungua la maji ya sinki yasafishe bomba.

Umeme: hapo nyumbani, kwenye plagi ya kawaida ya ampea 15, kiyoyozi na birika haviwaki pamoja. Tumejaribu.

Kabla ya kulitoa trela kwenye gari, weka vizuizi kwenye magurudumu, kama utingo anavyowahi na jiwe lori likisimama mlimani. Kisha lisawazishe kwa pima maji. Tulidhani ni madoido mpaka mama alipogoma kulala kichwa kikielekea bondeni. Friji zinazotumia gesi nazo huwa hazipoozi vizuri zikiinama.

Godoro lililokuja nalo lilikuwa jembamba kama chapati; hilo tulibadilisha na sijutii hata senti. Madirishani tumetundika kanga. Usiku fungua kitundu cha hewa cha darini hata kama kuna baridi, kwani pumzi za watu wanne na mvuke wa ugali huamka asubuhi vikiwa matone ukutani. Ila jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata likibaki majivu ya moto. Gesi yake haina harufu na inaua. Kengele ya kuitambua ijaribu kila safari.

Huku kwetu msimu ukiisha, mabomba yote lazima yakaushwe kabla ya barafu. Mwaka wa kwanza tulisahau bomba la bafu la nje. Aprili tulipofungulia maji, yakamwagika chini ya kitanda, juu ya vile viti vya kukunja, ambavyo bado vilikuwa kwenye maboksi yake.