Ishara au dalili? Maneno ya meza ya poka

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu mchezo wa karata uitwao poka. Mwandishi anaeleza jinsi mikono ya mchezaji inavyotetemeka, au anavyozichungulia karata zake mara ya pili, wapinzani wakabaini alichonacho. Nimeandika “alitoa ishara kwamba ana karata nzuri”, na yule anayejificha nimemwita “mwenye uso mkavu”. Mhariri amekataa yote mawili. Je, ana haki?

JIBU: Anayo, ingawa makosa hayo mawili hayalingani kwa uzito.

Ishara hutolewa kwa kukusudia. Askari wa usalama barabarani hutoa ishara kwa mkono, na katika karata za wawili wawili zinazochezwa barazani, mtu humkonyeza mwenzi wake ili amjulishe kwamba anayo turufu. Konyezo hilo ni ishara hasa, hata kama ni wizi mtupu. Kwenye poka hakuna mwenzi. Kila mchezaji yuko peke yake, na mkono unaotetemeka haukusudii kumwambia mtu lolote, kama vile mawingu yasivyokusudia kututangazia mvua. Hiyo ni dalili. Mgonjwa huonyesha dalili za malaria, wala hatuwezi kusema kwamba anatoa ishara za malaria. Basi andika “alionyesha dalili za kuwa na karata nzuri” au, kwa ufupi unaopendeza zaidi, “mikono ilimfichua”.

Neno ishara litakufaa pale mchezaji mzoefu, akijua kwamba anatazamwa, anapoguna na kulegeza mabega kwa unyonge ilhali ameshika karata kali. Hapo kuna kusudi, kwa hiyo “ishara ya kupotosha” ni sahihi.

“Uso mkavu” ndilo kosa zito. Kwa Waswahili, mkavu wa macho ni mtu asiye na haya, anayeweza kukukopa leo na kesho akakupita bila salamu. Msomaji wako atadhani unamtukana mchezaji. Ajabu ni kwamba kitenzi cha mzizi huohuo kinafaa kabisa: kujikausha ni kujifanya kana kwamba hakuna lililotokea. Kiko karibu na kujikaza, lakini anayejikaza anapambana na hofu au maumivu yake, na mara nyingi tunaliona pambano lenyewe. Aliyejikausha hatuoni kitu. Kuzuga ni jambo jingine tena, maana anayezuga humwonyesha mwenzake kisichokuwapo.

Chukua fainali ya mashindano ya dunia ya poka, iliyochezwa Las Vegas, Marekani, mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliweka dau lake lote mezani hali hana hata jozi, yaani karata mbili za namba moja, kisha akatulia nyuma ya miwani myeusi. Mpinzani wake Sammy Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa na hivyo karata bora, alifikiri sana, akazitupa karata zake, yaani akakubali kushindwa. Dau lile lilikuwa la kuzuga; utulivu uliofuata ulikuwa wa kujikausha. Ukiyatumia maneno hayo kinyume, utaharibu kisa.

Kuhusu “kumsoma mpinzani”, usibadilishe kitu, kwani watu husema “huyu nimeshamsoma” kila siku bila kushika karata. Sentensi yako sasa inaweza kuwa: “Alijikausha usoni, lakini mikono ilimfichua, na wapinzani wakamsoma.”