Mikoko ya Gazi inaingiza hela ikiwa imesimama

Wapo wanaosema mkoko hauna faida mpaka ukatwe. Hapana, si lazima ukatwe boriti ndiyo ulete hela. Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa (kaboni ambayo mikoko inaizuia isiingie angani) kupitia mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja: hekta 117, kama tani 3,000 kwa mwaka. Mnunuzi hachukui hata kijiti, analipia kaboni iliyofungwa kwenye mizizi na matope yale meusi yanayonuka. Fedha zinaingia mfuko wa kijiji. Maji ya bomba na vitabu vya shule Gazi na Makongeni vimetoka humo. Shemeji yangu anaishi huko, bomba lenyewe nimelitekea ndoo. Ila usitegemee utajiri: bei ya kaboni hupanda na kushuka, na wenye mashoka bado wanavizia usiku.