Shilingi 360

Juzi dada mmoja kanitumia ujumbe: bosi wake anasema kazi yake ni nzuri ila haiishi. "Kaka, kwani kupenda kazi safi ni kosa?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mimi huyo.

Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni moja Dar. Ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani ya kila mwezi, mwisho tarehe 20, kila mtu anajua. Siku hiyo daftari la manunuzi na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, vikapishana shilingi 360. Hela ya andazi! Saa kumi jioni meneja akapita mezani: "Tuma bwana, tutarekebisha." Nikamwona mzembe.

Ofisi nzima ikaondoka. Nikabaki na feni na bunda la risiti, zile ambazo wino wake unafifia ukizigusa. Saa nane usiku ndipo akili ikanijia: 360 inagawanyika kwa 9. Wahasibu mnanielewa: tofauti ikigawanyika kwa 9, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimepinduana, basi unazitafuta hizo. Nikaikuta. Risiti ya 15,950 imeandikwa 15,590.

Na tarehe ilishakuwa 21.

Kilichonikata maini si faini. Kazi ile ya kuandika risiti nilikuwa nimempa kijana wa fildi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, na yeye aliandika 15,950, sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyeirudia usiku wa kabla yake kwa sababu sikumwamini, nikapindua.

Cheo cha mhasibu mkuu akapewa jamaa aliyewahi kuandika "Jully" kwenye ripoti. Inauma mpaka leo, sifichi. Ripoti yangu haijawahi kurudishwa hata moja! Lakini zake zilikuwa zinafika.

Baadaye nikasoma kuhusu Hewitt na Flett, wanasaikolojia ambao mwaka 1991 waliigawa tabia yetu hii ya kutaka ukamilifu mafungu matatu: kujidai ukamilifu mwenyewe, kuwadai wenzako, na kuamini dunia nzima inakudai wewe. Mimi nilikuwa na yote matatu, tena kwa risiti.

Sasa dada yangu, kabla hujaanza kazi muulize bosi anataka nini na saa ngapi. Saa ikifika, kabidhi. Ukimpa mtu kazi, ikague mbele yake, usiirudie kwa siri usiku. Narudia: usiirudie. Jamani, tunajiita makini kumbe ni kiburi tu, tunadhani mkono wa mwenzetu lazima ukosee. Nani katuambia wetu haukosei? Halafu tunalalamika tumechoka, hatuthaminiwi, wakati kazi tumewanyang'anya wenyewe.

Yule kijana wa fildi sasa ana CPA yake, cheti cha uhasibu, na ofisi Sinza. Mwezi uliopita nilimpigia nimwombe radhi, jambo nililolibeba miaka yote hii. Nikamweleza lote, tarehe 20, zile risiti, ile 15,950.

Akakaa kimya kidogo. "Risiti ipi hiyo, bosi?"