Usiombe kwenye tovuti taarifa usizozihitaji

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za biashara ndogo: nyumba za wageni, mafundi cherehani, maduka ya vipodozi. Mwenye biashara akinipa orodha ya vitu anavyotaka wateja wajaze kwenye fomu, naanza na kuvipunguza. Mtu anaulizia bei ya kushona gauni, namba yake ya NIDA ya nini? Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Nalijua jibu nitakalopewa: "Iache tu, huenda ikafaa baadaye." Hapo huwa nashikilia msimamo. Jina, namba ya simu na ujumbe vinatosha. Taarifa ambayo hukuichukua haiibwi, haivuji, wala hutaulizwa kwa nini unayo.

Nyumba za wageni ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Nyingi humtaka mgeni atume picha ya pasipoti anapoweka nafasi ya chumba. Niliwahi kuhamisha barua pepe za nyumba moja ya aina hiyo, nikakuta pasipoti za wageni wa miaka na miaka: sura, sahihi, namba, kila kitu, na wengine walishaondoka zamani bila hata kukumbuka kwamba walituma. Neno la siri lilikuwa jina la nyumba yenyewe, na kila aliyewahi kukaa mapokezi alikuwa nalo. Sasa nashauri hivi: pasipoti ionwe mgeni akifika, aandikwe kwenye kitabu cha wageni, basi. Picha zilizokwisha kutumwa zifutwe, na usisahau kapu la taka la barua pepe pamoja na simu ya meneja, maana nyingi zilipitia WhatsApp.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria inataka anayekusanya taarifa ajisajili kwenye Tume, na mteja aambiwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Mambo ya afya na dini ni taarifa nyeti, yana masharti makali zaidi. Kwa hiyo saluni inayouliza kwenye fomu kama mteja ana mimba au ana ugonjwa wa ngozi imeshaingia kwenye eneo hilo. Swali la namna hiyo liulizwe ana kwa ana. Na asidhani mtu kwamba wadogo hawaguswi. Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kuna pia ukusanyaji ambao mwenye tovuti hauoni. Ukibandika kwenye tovuti kipimo cha matangazo cha Facebook au Google Analytics, yaani vipande vya programu vinavyohesabu na kufuatilia wanaoitembelea, kila anayefungua ukurasa wako anaanza kufuatiliwa kabla hajajaza chochote. Huwa namuuliza mwenye biashara: takwimu hizi unazisoma? Wengi hawajazifungua tangu tovuti iwekwe. Basi tunaviondoa, na tovuti inafunguka haraka zaidi kwa mteja mwenye bando dogo.

Sera ya faragha iandike mwenyewe. Nimesoma sera ya duka la vitenge inayotaja haki za wakazi wa California, imenakiliwa nzimanzima, wala mwenye duka hajawahi kuisoma. Aya chache za Kiswahili zinatosha: tunachukua nini, kwa kazi gani, nani anakiona, tunakaa nacho muda gani, na ukitaka tukifute upige namba ipi.

Namba hiyo ipokewe na mtu anayejua la kufanya. Mteja akisema hataki tena meseji za ofa, itoe namba yake kwenye orodha siku hiyohiyo, pamoja na kwenye nakala ya Excel iliyo kwenye kompyuta ya dukani, na ile aliyotumiwa kijana wa matangazo. Kisha mjulishe mteja kwamba imetolewa.