Watafsiri wapya, msikimbilie damu mkiona "sanguine"

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Mbeya, wiki hii nimeletewa tena rasimu ambamo neno la Kiingereza "sanguine" limekuwa "mwenye kiu ya damu". Sasa basi. Tuelewane.

1. Sanguine ni mtu aliyechangamka, mwenye matumaini kwamba jambo litakwenda vizuri. Mwenye kiu ya damu ni sanguinary. Yote mawili yanatoka kwenye sanguis, yaani damu kwa Kilatini, ila yaliachana njia zamani. Waganga wa kale wa Kiyunani waliamini mwilini mna majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Aliyezidi damu alikuwa na uso mwekundu na moyo mkunjufu. Uso umesahaulika, ukunjufu umebaki.

2. Wanaojikwaa hapa ni hasa ninyi mliopita seminari, maana Kilatini mnakijua. Kijana mmoja, hodari kweli, alipewa barua ya mnunuzi wa kahawa kwenda kwa kikundi cha wakulima Mbozi: "We are less sanguine about prices this season." Akaona damu, akadhani neno ni baya, na baya likipungua si ni heri? Akaandika: "Msimu huu hofu yetu kuhusu bei imepungua." Barua ikasomwa mkutanoni, watu wakapiga makofi. Kumbe mnunuzi alikuwa anawaambia matumaini yake ndiyo yamepungua! Wapo waliorudisha magunia stoo kungoja bei ipande. Haikupanda. Mama mmoja alikuja hadi ofisini, barua zote mbili zimefungwa kwenye pindo la kanga, akaweka kidole juu ya lile neno: "Mwanangu, hapa waliandika nini hasa?" Nikamsomea. Akaanza kuhesabu kwa vidole wiki zilizopita tangu mkutano.

Yule kijana simlaumu kwa kutolijua neno. Namlaumu kwa kuacha kamusi imefungwa pembeni yake. Lakini alipanda kosta mwenyewe hadi Mbozi, akasimama mbele ya kikundi, akawaeleza kilichotokea. Tangu siku hiyo nampa kazi nzito bila wasiwasi.

3. Hufuatwa na about. Kwenye maandishi ya zamani mtakuta of.

4. Ni neno la maandishi rasmi, na mara nyingi mtalikuta limekanushwa: not sanguine, less sanguine. Someni kilichotangulia kabla hamjashika kalamu. Kwa sanguine isiyokanushwa, "ana matumaini" inatosha, au "hana wasiwasi na". Hiyo "damu ya matumaini" mnayoniletea haipo, jamani.

5. Kwenye sanaa, sanguine ni chaki ya rangi nyekundu ya udongo, ile aliyochorea Leonardo da Vinci. Huko matumaini hayahusiki.

6. Consanguinity ni undugu wa damu. Hapo damu iacheni ilivyo. Mkiiondoa, hati ya mirathi itarudi mezani kwenu siku hiyohiyo.