Daftari la seremala na mwaka 1965

SWALI: Baba wa nyanya yetu alikuwa seremala, Banyani wa Kachi, akasilimu na kuoa hapa Mombasa. Wazee husema alikuja na reli, akafariki kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Tumebaki na daftari lake la hesabu kwa Kigujarati. Tuliyempa atusomee anasema limeandikwa mwaka 1965! Tuanzie wapi kutafuta kwao?
Msomaji, Makadara

JIBU: Aliyewasomea huenda hakukosea. Huo ni mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu, uliotangulia wetu kwa miaka 56 au 57. Wagujarati wengi huanza mwaka baada ya Diwali: tarehe za kuanzia hapo hadi mwisho wa Desemba toeni 57, zilizobaki toeni 56. Watu wa Kachi wana desturi ya kuanza mapema, mwezi wa Ashadh, yaani Juni au Julai. Kwa hiyo daftari ni la kati ya 1908 na 1909. Tazameni pia neno linaloandamana na siku: "sud" ni mwezi ukikua, "vad" ukipungua, na sud 5 na vad 5 zinapishana kama wiki mbili. Mwacheni mtu wa pili asome tarakimu, kwani 1 ya Kigujarati inafanana na 9 yetu.

Kisha rudini ukurasa wa kwanza, ule ambao watu huuruka kwa kuwa hauna hesabu. Huko ndiko huandikwa dua ya kufungua daftari, mwaka na jina la mwenyewe, na mkibahatika, kijiji chake. Mkikosa kijiji, India ni bahari.

Hilo la reli msilishike sana. Familia nyingi za Mombasa zenye damu ya Kihindi husema hivyo hivyo. Reli ilianza kujengwa hapa 1896 ikafika Kisumu 1901, na vibarua wake wa mkataba, kama 32,000, wengi walitoka Punjab, wakapandia meli Karachi. Seremala wa Kachi aghalabu alijilipia nauli au aliitwa na jamaa, akaja kwa jahazi au meli kutoka Mandvi, bandari ya Kachi, au Bombay. Mkianza na karatasi za reli mtapoteza miezi.

Panapowakwamisha wengi ni jina. Karani aliandika jina la mtu na la babake: Ladha mwana wa Kanji ni Ladha Kanji, na mwanawe Premji ni Premji Ladha, kwa hiyo "ukoo" hubadilika kila kizazi. Mistri na Suthar huenda ni kazi tu: fundi, seremala. Tena huyu alisilimu. Baada ya hapo huenda yuko kwenye vitabu kwa jina la Kiislamu, pengine "bin Abdalla", kama walivyoitwa wengi waliosilimu. Anzeni na ndoa: sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu ni ya 1906, basi ulizeni kwa kadhi kwa jina la bibi harusi na la walii wake. Hayo hayakubadilika.

Kama alikuwa na kiwanja, nendeni ofisi ya ardhi Mombasa na namba ya ploti na bloku, si na jina. Madai ya ardhi ya Pwani yalisikizwa chini ya sheria ya 1908. Rudini nyuma, hati kwa hati, hadi dai la kwanza. Gazeti la serikali, lililoanza 1899, lina matangazo ya mirathi na husomwa bure kwenye intaneti, ila mashine husoma vibaya majina ya Kihindi. Jaribuni Mistri, Mistry na Mistari.

Mkishapata kijiji, mtafuteni barot wa jamii hiyo, mtunza vitabu vya nasaba. Atataka kijiji, kabila la kazi, na majina ya baba na babu. Mpelekeni picha za daftari. Lenyewe liacheni nyumbani, na msilitie gundi ya plastiki.