Somatostatini: mbona inazuia insulini na glukagoni kwa pamoja?

SWALI: Daktari, nasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba insulini hushusha sukari na glukagoni huipandisha, halafu tukaambiwa homoni ya somatostatini huzizuia zote mbili. Mwili unafaidika nini hapo? Na mbona wagonjwa hupewa octreotide, dawa iliyotengenezwa kuiga somatostatini, badala ya homoni yenyewe?

JIBU: Nimelifurahia swali hili, maana wanafunzi wengi hukariri orodha ya homoni zinazozuiwa bila kuuliza zinazuiwa wapi.

Somatostatini ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, hushuka hadi kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, na kuzuia homoni ya ukuaji; ndivyo ilivyogunduliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin. Ile ya kongosho hufanya kazi jirani tu. Seli za delta huitoa ikazifikia seli za alfa (zinazotoa glukagoni) na beta (zinazotoa insulini) zilizo karibu, ikashika vipokezi vyake, na kalsiamu inayoingia ndani ya seli hizo ikapungua. Bila kalsiamu ya kutosha, vifuko vilivyobeba homoni havimwagi. Sukari ikipanda baada ya mlo, seli za delta nazo huamka: glukagoni inabanwa, na insulini, ambayo imekwisha kuanza kutoka, inazuiwa isipite kiasi. Breki hii hupunguza mwendo, haisimamishi gari.

Ikizidi ndipo utaielewa vizuri. Kuna uvimbe adimu sana unaoimwaga kwa wingi, somatostatinoma. Mgonjwa hupata kisukari, lakini mara nyingi si kikali, kwa kuwa glukagoni nayo imebanwa. Mfuko wa nyongo haujikazi ipasavyo, mawe yanajijenga humo. Mafuta hayasagwi vizuri tumboni, yanatoka na kinyesi.

Kuhusu dawa: homoni yenyewe ikiingia kwenye damu, nusu yake hutoweka ndani ya dakika 3 hivi, kwa hiyo ingebidi dripu isikatike. Octreotide ikichomwa chini ya ngozi huchukua kama saa moja na nusu kupungua nusu. Ndiyo maana inafaa kwa akromegali, ambako homoni ya ukuaji imezidi. Mtu anayeitumia kwa muda mrefu anaweza kupata mawe ya nyongo, na sababu yake umeshaiona hapo juu.

Ukiwa wodini, mwangalie zaidi mgonjwa mwenye uvimbe unaotoa insulini. Octreotide ikiizima glukagoni huku uvimbe ukiendelea kumwaga insulini, sukari itaporomoka. Mpime sukari mara kwa mara baada ya dozi za mwanzo, hata kama anasema anajisikia vizuri.